Ipe Njaa Kiti

Bi. Mwanakombo alikuwa hajakaa hata vizuri juu ya mkeka wake alipoanza kulalamika.

"Nawauliza nyinyi wenzangu. Nani leo ameisikia njaa?"

Ilikuwa saa kumi alasiri, siku ya kwanza ya Ramadhani, na ndani ya bohari la zamani la mkonge, pale Tanga, watu wazima kumi na wawili walikuwa wanahangaika kuiteremsha miili yao chini. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake: kwanza goti moja, kisha mkono, kisha pumzi, kisha goti la pili, na mwisho mshindo ambao wote walijifanya hawakuusikia.

"Nimefunga tangu sijavunja ungo," Bi. Mwanakombo akaendelea. "Siku ya kwanza ya mfungo, saa kama hizi, tumbo langu huwa linapiga ngoma. Leo kimya. Nimefunga au nimelala?"

"Mshipi unafanya kazi yake, bibi," alisema Mzee Semkiwa, dereva mstaafu wa garimoshi, ambaye tumbo lake lilimtangulia mlangoni kila alikokwenda. "Unataka uteseke ndipo Mungu ajue upo?"

"Nataka njaa yangu. Huo mshipi umeipeleka wapi?"

Watu walicheka. Tunu Mhando, aliyekuwa mkeka wa jirani, alitabasamu akiangalia chini. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu; shuleni alikotunza maktaba, watoto walimwita Dada Kimya. Lakini swali la bibi lilimgusa. Na yeye alikuwa amepita sokoni adhuhuri, wakati wauza vitumbua wanakoroga unga wa jioni, na harufu ile ikampita kama mtu asiyemfahamu.

Aliugusa mshipi wake kupitia dera. Ulikuwa mwembamba kama utepe, umefumwa kwa uzi wa mkonge na nyuzi nyingine za kijivu ambazo, kupitia ngozi, zilisikiliza ule mshipa wa fahamu unaopeleka habari za tumbo kwenye ubongo. Mradi wa Tumbo Tulivu ulikuwa umewagawia mwezi wa Rajabu. Maelezo waliyopewa yalikuwa mafupi: mshipi utaishusha njaa, yoga ya kila alasiri itaufundisha mwili kutulia, na uzito utaondoka bila sindano wala kisu. Na uliondoka kweli. Tunu alikuwa ameshaacha nyuma kilo kumi na nne. Tatu zilibaki.

Kilo tatu hizo hazikuwa za urembo. Hemedi, mdogo wake wa pekee, alikuwa amelazwa hospitalini, figo zake zote mbili zimekufa. Figo iliyochapishwa kwa mashine maabara mwili wake ulikuwa umeikataa, na ya pili vilevile. Figo ya dada yake ilifaa katika kila kipimo isipokuwa kimoja. "Kwa uzito huu simlazi mezani," daktari alisema. "Nitawapoteza wote wawili." Akataja uzito anaoutaka, na akautaka kabla ya Idi.

"Kaeni wima," alisema Mwalimu Zawena kutoka mbele. "Uti wa mgongo urefuke. Kitambi kikitaka kukaa mapajani, kiacheni kikae, ni chenu. Vuteni pumzi."

Zawena alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Darasa lilimpenda na kumwonea wivu kwa pamoja, kwa sababu baada ya kila kipindi walimwona nyuma ya bohari akila ubwabwa sahani ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa haraka, bila kusema neno. Semkiwa alipenda kusema kwamba chakula kikiingia kwa mwalimu kinapotea njia.

Waliinama kama paka, wakajikunja kama mtoto tumboni, huku mito ya usumba ikiwashikilia mahali ambapo mifupa haikufika chini. Kisha wakasimama kwa pozi la mti. Kila mmoja alishika kamba iliyoning'inia kutoka kwenye boriti, akapandisha unyayo mmoja juu ya kifundo cha mguu wa pili. Zamani Tunu aliyumba hapo kama mlevi. Siku hizi alisimama. Alipenda sekunde ile ambapo mwili wake wote, huo huo uliochekwa kwenye vituo vya mabasi, ulisimama juu ya unyayo mmoja na ukatosha.

Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kuona. Mguu wa mwalimu ulikuwa unatetemeka. Jasho lilimchuruzika kidevuni. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Mwalimu?"

Zawena alianguka bila kutoa sauti. Tunu aliiachia kamba, akamdaka kichwa kabla hakijafika sakafuni, wakaketi wote chini kwa kishindo ambacho safari hii hakuna aliyejifanya hakukisikia.

"Mfungueni nguo! Apate hewa!" alisema Bi. Mwanakombo.

Tunu alimpapasa kiunoni, akakuta mshipi. Alishangaa, kwa kuwa mwalimu hakuwa na kitu cha kupunguza. Ulikuwa umevaliwa kinyume: upande wa kahawia ndani, wa kijivu nje. Aliufungua, ukadondoka juu ya tumbo lake mwenyewe, mwalimu bado amemlalia.

Njaa ikamwingia.

Haikuwa njaa moja. Moja ilikuwa kali na nyembamba kama msumari. Nyingine ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kula akiwa amesimama. Moja ilidundadunda kama ngoma. Zilikuja zote pamoja, zikasukumana kama watu mlangoni, na mshipi wake mwenyewe haukufua dafu. Machozi yalimtoka. Na katikati ya kundi lile akaisikia moja anayoijua: chini kidogo, upande wa kushoto, inayovuta taratibu kama mtoto anayevuta upindo wa kanga. Alikuwa nayo tangu utotoni. Aliitambua jinsi mama anavyotambua kilio cha mwanawe kati ya vilio vingi.

Ilikuwa njaa yake.

*

Walimlaza Zawena kwenye chumba cha kuhifadhia mikeka. Alipozinduka alikataa maji, hadi Bi. Mwanakombo alipomkemea kwamba aliyezimia anafungua, na kwamba dini haikuletwa ili kuua watu. Alikunywa, akala tende, akala uji, akala mkate mzima. Bibi alipotoka, Tunu alibaki. Mshipi ulikuwa mkononi mwake, amekunja ngumi.

"Umeugusa," Zawena alisema.

"Ndiyo."

Mwalimu alifumba macho. "Njaa ni habari tu, Tunu. Tumbo linapiga hodi, ubongo unasikia. Waliotengeneza mshipi walitaka kuizima ile hodi. Wakashindwa. Ukiizima, kesho yake inarudi mara mbili, kama maji uliyoyazibia njia. Njaa haifi. Lakini waligundua kwamba inaweza kuhama. Ukipata mwili mwingine wa kuipokelea hodi, tumbo la kwanza linaridhika kwamba limesikika."

"Na mwili huo ni wako."

"Lazima awe mtu anayejua kupumua. Mwingine angepagawa. Mimi nimefanya yoga tangu nikiwa binti." Akatabasamu kidogo. "Siku za kawaida naiweza. Huyu ana njaa saa nne, yule saa saba, mwingine jioni. Zinakuja moja moja, kama wageni. Leo zimekuja zote kwa pamoja, tangu asubuhi, na yangu juu. Wale wataalamu wanajua kila kitu kuhusu tumbo, ila hawakukumbuka kwamba kuna mwezi ambao mji mzima unaona njaa pamoja."

"Siku ishirini na tisa zimebaki. Utakufa."

"Nitajipanga."

"Mwalimu, mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngekubali?"

"Tungekataa."

"Ndiyo maana."

Hasira ilimjia Tunu, lakini ilikuja imechanganyika na huruma, na mtu mpole akipatwa na vitu hivyo viwili pamoja hubaki ameduwaa. Aliuangalia mkono wa mwalimu, mishipa imemtoka kama mizizi.

"Unaiona mizani ile?" Zawena alionyesha mlangoni. Kwenye kona ya bohari ilikuwepo bado mizani kubwa ya chuma iliyotumika enzi za mkonge kupimia marobota. "Mama yangu alikuwa mkubwa kuliko yeyote kati yenu. Alipougua, mizani ya zahanati haikumweza. Wakamleta hapa. Wakampandisha pale mchana kweupe, wapagazi wanatazama, mmoja akasema robota hili ni daraja la kwanza. Alicheka nao. Akarudi nyumbani, na hakwenda tena hospitali mpaka anaingia kaburini. Nilikuwa nimemshika mkono siku ile, Tunu. Nilipoambiwa kwamba naweza kuwabebea watu njaa yao ili wapungue bila aibu, sikuuliza mshahara. Nimekubali kwa hiari yangu. Na wewe una mgonjwa. Mrudishie mwalimu wako mshipi wake."

Alinyoosha mkono.

Tunu aliutazama ule mkono. Kisha, kwa sababu alimwona Hemedi amelala mbele ya macho yake kama alivyomwacha jana, akaufungua ule mkunjo wa ngumi na kumpa.

*

Jioni ile Hemedi alikuwa ameunganishwa na mashine ya kusafishia damu, kitambaa chenye kipande cha barafu kimewekwa mdomoni. Kwa siku aliruhusiwa kikombe kimoja cha maji, basi, maana maji yasingekuwa na pa kutokea. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, akakitoa kitambaa.

"Analipwa huyo mwalimu?"

"Analipwa."

"Na amekubali mwenyewe?"

"Amekubali."

"Basi subiri mpaka Idi, dada. Baada ya Idi nenda umwombe radhi, umpikie biriani sufuria nzima. Nitakuja mwenyewe kukoroga."

"Leo alizimia, Hemedi. Alizimia na njaa yangu tumboni mwake. Niliisikia."

"Mimi nazimia kila wiki." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Alikuwa fundi wa redio, mtu wa mizaha, na ugonjwa ulikuwa umemwachia macho makubwa usoni. "Huruma yako ni nzuri, dada. Ila inatoka mfukoni mwangu."

Neno hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Tunu aliinamisha kichwa. Mashine iliendelea kukoroma. Nje ya dirisha paa za sola za mitaa ya chini zilikuwa zinageuka polepole kulifuata jua la jioni.

Baadaye akauliza, "Kiu yako huwa unaiweka wapi?"

"Kuiweka?"

"Ikikuzidi. Unafanyaje?"

Hemedi alifikiri. "Sina pa kuiweka. Nakaa nayo."

"Basi na mimi nitakaa na yangu."

Alimtazama dada yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha akageukia ukutani. Tunu alisubiri mpaka kipande cha barafu kilipoyeyuka, akambadilishia kingine, akaondoka. Hakuagwa.

*

Kesho yake alifika darasani mapema, akayarudia maneno yake nyuma ya bohari. Wenzake walipokwisha kuketi, alisimama. Zawena, aliyekuwa amerudi kazini na mshipi wake, alimtikisia kichwa asiseme. Tunu alisema.

Hakusema vizuri. Alikwama, akarudia, akatazama sakafu muda wote. Lakini alipofika pale aliposema kwamba moja ya njaa zile ilikuwa inadunda kama ngoma, Bi. Mwanakombo alijishika tumbo.

"Yangu hiyo," alisema. "Astaghafirullah. Jana nani alifunga? Mimi nilikaa tu. Mwalimu ndiye aliyenifungia."

"Ofisi ya mradi haikutaka mjue," Zawena alisema kwa sauti ya chini. "Wanasema mtu akijua njaa yake iko kwa mwenzake, anaanza kujizuia, na mshipi haupokei tena. Lakini mimi sijalalamika. Nawaombeni mwendelee."

"Mwenyewe kasema," alisema Semkiwa. Uso wake mpana ulikuwa umekunjamana, na safari hii haukuwa mzaha. "Sikilizeni. Mimi magoti yangu yamepona. Juzi nimepanda ngazi za mwanangu peke yangu, mjukuu amenipigia makofi. Sasa mnaniambia nirudi kule? Maisha yangu yote nimevuta mabehewa ya watu, na hakuna abiria aliyeshuka akasukuma kwa kunionea huruma. Ilikuwa kazi yangu. Hii ni kazi ya mwalimu."

Wengine waliguna kumuunga mkono. Tunu alihisi masikio yanamwaka moto. Alitamani kuketi.

"Lakini wao walijua wamepanda garimoshi, mzee," alisema.

Semkiwa akayatazama magoti yake.

Tunu alifungua mshipi wake. Hakuwa na mahali pa kuuweka, akatazama huku na huku, kisha akaenda kwenye ile mizani ya marobota na kuuweka juu ya sahani yake ya chuma. Mshale haukutikisika. Bi. Mwanakombo alishikilia kamba, akainuka kwa hatua zake, goti, mkono, pumzi, akaenda kuweka wa kwake. Wakafuata wengine. Wawili waliichukua mikoba yao, wakatoka bila kuaga. Semkiwa alibaki kwenye mkeka wake, mshipi bado kiunoni.

"Msifanye hivi," Zawena alisema. "Itawarudia yote. Mtaanguka. Tunu, ndugu yako..."

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana nakuomba. Umetufundisha kusimama na kuinama. Hujatufundisha unavyoibeba."

Mwalimu alisimama pale mbele ya watu wake wakubwa, mikono yake myembamba inaning'inia. Kwa mara ya kwanza alionekana hana la kufundisha. Kisha polepole akapeleka mikono nyuma ya kiuno, akaufungua mshipi wake.

Njaa zikarudi makwao. Tunu alisikia ya kwake inaingia kwa fujo, akajikunja. Pembeni yake mtu aliguna, mwingine akacheka kwa mshangao, mwingine akalia. Semkiwa alisema, "Lo, na huyu naye," kana kwamba jamaa mdai amefika mlangoni.

"Laleni chali," Zawena alisema. Pozi hilo vitabuni liliitwa la maiti, lakini darasa lilikuwa limekataa jina hilo tangu mwanzo; wao waliliita mlalo wa Ijumaa, kwa heshima ya usingizi wa baada ya pilau. "Sasa msipigane nayo. Mgeni usiyempenda akija nyumbani kwako humpigi. Humwandalii karamu pia. Unamwambia karibu, unampa kiti, unaendelea na kazi yako. Itafuteni mahali ilipo. Iko juu? Iko chini? Ina joto? Vuteni pumzi mpaka hapo ilipo. Mkiitoa pumzi, ipeni kiti."

Tunu aliitafuta. Chini kidogo, upande wa kushoto. Karibu, aliiambia. Kaa.

*

Haikukaa. Siku za mwanzo ilizunguka nyumba nzima, ikafungua kila chungu. Jioni, adhana ilipotoka, Tunu alikula mihogo ya nazi, akala vitumbua, akala mpaka alipolia, na kwenye daku akala tena. Darasani waliofika walikuwa na macho mekundu. Semkiwa alikosekana siku mbili, kisha akatokea bila mshipi, akalaza mkeka wake na kusema kwamba asiulizwe kitu.

Katikati ya mwezi daktari alimpima. Alikuwa ameongeza kilo moja.

"Nilikwambia kabla ya Idi," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mkavu, lakini sauti yake haikuwa na ukali, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Hali yake inashuka. Sikufichi."

Wiki ile Hemedi alivimba miguu na uso, akawekwa chumba cha uangalizi, na Tunu alikaa kwenye benchi la nje akijua vizuri kwamba hilo lilikuwa chaguo lake yeye, na kwamba mshipi bado ulikuwa juu ya mizani, hatua chache kutoka kwenye mkeka wake. Alipomwomba Zawena mafunzo zaidi, hakueleza sababu. Zawena hakuuliza. Asubuhi kabla ya shule walikutana wawili tu ndani ya bohari. Walifanya pozi la mlima: kusimama tu, nyayo sakafuni, muda mrefu kuliko mtu anavyodhani anaweza kusimama. Tunu alijifunza kwamba njaa ina mawimbi yake, kwamba ikipanda sana iko karibu kushuka, na kwamba nusu ya ile aliyokuwa akiiita njaa ilikuwa woga umevaa nguo za njaa. Hiyo nusu ikipewa kiti, husinzia.

Siku Hemedi alipotolewa chumba cha uangalizi, simu ya Tunu ililia wakati wa daku.

"Njaa vipi?" Hemedi aliuliza. Hakusalimia.

Tunu alishika kijiko hewani. "Ipo. Kiu vipi?"

"Ipo."

Walikaa wakisikilizana wanavyopumua. Kisha akakata. Tangu siku hiyo akawa anapiga kila alfajiri na kila magharibi, maneno yale yale. Njaa vipi. Ipo. Kiu vipi. Ipo. Mara moja tu aliongeza kitu. Alisema, "Dada, ile siku nilikuwa naogopa," na Tunu akasema, "Najua," na hawakulirudia tena.

Darasani miili ilipungua taratibu sana, kama kamba inayolegezwa na mtu mwangalifu. Kitu kimoja tu hakikubadilika. Zawena, asiyebeba tena tumbo la mtu, aliendelea kula sahani tatu. Mishipa yake ya fahamu ilikuwa imezoea kusikiliza watu kumi na wawili, na ilibaki inawasikiliza hata walipokwisha kuondoka. Daktari alimweleza kwamba huenda shibe isirudi kamwe. Alilisema hilo kwa darasa siku moja huku anakunja mikeka, kama mtu anayesema mvua huenda isinyeshe.

*

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo, alasiri, Tunu alipanda juu ya mizani ya hospitali. Hakuwa peke yake. Bi. Mwanakombo alikuwa mlangoni na kapu la futari. Semkiwa alikuwa nyuma yake, anahema kwa sababu ya ngazi. Zawena alisimama karibu, amemshika Tunu mkono. Tunu alijua kwamba mwalimu alikuwa anaiona mizani ya bohari, si hii.

"Inasoma ngapi?" Semkiwa aliuliza. "Kama imezidi kidogo avue hereni."

"Mzee, toka nje," alisema daktari.

Hakutoka. Daktari aliusubiri mshale utulie. Akavaa miwani, akainama. Tunu alifumba macho na kuitafuta njaa yake. Ilikuwa pale pale, imekaa.

"Shuka," daktari alisema. "Ukishuka upande tena."

Alishuka. Akapanda tena.

"Sawa." Daktari alivua miwani. "Jumatano baada ya Idi. Wewe na ndugu yako. Tangu usiku wa kuamkia siku hiyo msile kitu wala msinywe. Mtaweza?"

Tunu alifumbua macho. Kutoka kitandani, upande wa pili wa pazia, ilisikika sauti kavu ikicheka, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mwaka jana. Hemedi alicheka mpaka mashine ikaanza kulalamika, na Tunu naye, aliyekuwa bado juu ya mizani, akaanza kucheka huku machozi yakimtiririka.

"Nimesema nini?" daktari aliuliza. "Nimesema kitu gani cha kuchekesha?"

Adhana ya magharibi ilitoka. Walitandika kanga sakafuni karibu na kitanda cha Hemedi, Bi. Mwanakombo akafungua kapu: tende, uji wa pilipili manga, tambi, mihogo, samaki wa kupaka. Hemedi alipewa kijiko kimoja cha uji, akaushikilia mdomoni kwa muda mrefu. Mbele ya Zawena waliweka sahani tatu bila kusema, kama walivyozoea.

Zawena alikula tende. Alikunywa uji, akala mhogo na kipande cha samaki, kisha akala kingine. Akainua tonge la tatu, akasita nalo nusu ya njia. Alibaki hivyo, ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Semkiwa aliacha kutafuna.

Mwalimu alilirudisha tonge kwenye sahani. Akaisukuma sahani mbele, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Nimeshiba," alisema.

Bi. Mwanakombo alijifunika uso kwa upindo wa mtandio. Tunu aliitazama mihogo iliyobaki, ikitoa mvuke, na upande wa kushoto, chini kidogo, kitu kikamvuta nguo. Alivuta pumzi, akasogea kidogo pale kwenye kanga, kana kwamba anampisha mtu akae.